Usije na jina la ugonjwa, njoo na habari zake

Mimi ni daktari wa familia. Chumba changu kiko Majengo, Mombasa, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, na dirisha likiwa wazi sauti za makanga wa matatu za Kisauni huingia kabla ya mgonjwa. Fani yetu bado changa nchini. Mafunzo yake ya uzamili yalianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, ndiyo maana wengi huniuliza, "Dakta, wewe hasa ni daktari wa nini?" Wa wewe, mamako na huyo mtoto uliyembeba, huwajibu.

Chombo cha bei kubwa chumbani mwangu ni mashine ya kupima presha. Kilichobaki ni maneno yenu. Mara nyingi mtu akisimulia vizuri huwa nishajua naelekea wapi kabla sijamgusa, na maabara huja kuthibitisha tu. Akisimulia vibaya, namtuma vipimo vya bure na vya pesa, anazunguka mji mzima na karatasi. Foleni nje ni ndefu na dakika zetu pamoja ni chache. Haya hapa ndiyo ningependa kila mtu ajue kabla ya kupanda ngazi zangu.

Homa, na vile visa vyake viwili

Mombasa mtu akipata joto la mwili huingia akisema, "Dakta, nina malaria na taifodi." Hayo mawili yamekuwa mume na mke, hayatajwi mbalimbali. Ukiniambia hivyo umenipa hukumu, na mimi nilitaka ushahidi.

Nipe hivi: joto lilianza siku gani, asubuhi au usiku. Lilianza ghafla au lilinyemelea. Nini kilifuata: kichwa, viungo, upele, kutapika, kuhara. Ulilala wapi wiki mbili zilizopita, maana aliyetoka matangani Kwale au shambani Kilifi ana habari tofauti na asiyevuka Nyali. Nani mwingine nyumbani anaumwa. Na ushameza nini tangu hapo, hata kama ni kidonge kimoja cha jirani.

Nauliza nyumbani maji yawekwaje, na watu hushangaa. Mji huu una shida ya maji, kwa hivyo kila nyumba ina mitungi, mapipa na tangi juu ya paa. Mbu wa dengi na chikungunya, homa mbili za virusi, hupenda maji hayo hayo safi yaliyotulia kwenye pipa lisilo kifuniko, na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Dengi imeshatupiga hapa zaidi ya mara moja, na chikungunya ilitutembelea mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Basi mtu akinieleza kwamba joto lilimpanda ghafla, nyuma ya macho kunauma, na mifupa kama imevunjwa, akili yangu haikimbilii malaria peke yake.

Hapo pana jambo la kushika. Ukiwa na homa usiyoijua, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, kunywa maji, madafu, uji, na usiende kuchomwa sindano ya diclofenac wala kumeza ibuprofen au aspirin mpaka upimwe. Ikiwa ni dengi, dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Jambo jingine: dengi huwa na hila. Hatari yake huja pale joto linaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati jamaa washaanza kusema amepoa. Tumbo likianza kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoa damu, au mgonjwa kulegea na kukosa utulivu, usingoje asubuhi.

Na taifodi? Kile kipimo cha Widal, cha tone la damu na majibu ya "1:80" au "1:160", hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vijidudu, na kingamwili zaweza kuwamo kwa sababu nyingi, zikiwemo maambukizo ya zamani. Karatasi moja ya Widal haitoshi kukupa hukumu ya taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kuona kama vijidudu vyenyewe vitamea, kinachochukua siku kadhaa na pesa zaidi. Nina wagonjwa waliotibiwa taifodi kila mwaka kama kodi ya nyumba, na hawakuwahi kuotesha damu hata mara moja. Ukiambiwa una taifodi, uliza kwa adabu: "Tumejuaje?" Daktari mzuri hatachukia.

Shida ya "alhamdulillahi"

Nikimuuliza bibi hali yake hunijibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, si haba." Ni jibu zuri na ni adabu. Lakini kisha ananiuliza habari za mama yangu, watoto, bei ya nyanya Kongowea, na dakika zinakwenda. Mwisho nimeshaandika dawa ya goti, yuko mlangoni, ameshika buibui lake, ndipo anageuka: "Na hiki kifua, dakta, nikipanda ngazi hubana. Lakini si kitu."

Hicho ndicho kilichomleta. Lile goti lilikuwa salamu.

Basi tusalimiane, sikatazi, kisha lile linalokunyima usingizi liseme kwanza. Ukiwa na mambo matatu, yataje yote matatu mwanzoni kabla hatujaingia katika moja, nami nitakwambia lipi tulishike leo na lipi lingoje wiki ijayo. Kuna wanaoandika kwenye simu au nyuma ya risiti. Nawapenda hao.

Kuhusu maumivu, "mwili wote waniuma" hainisaidii. Weka kidole kimoja pale panapouma zaidi. Kisha nieleze namna yake kwa Kiswahili chetu, hakuna haja ya maneno ya hospitali. Kichomi ni kichomi: chachoma ukivuta pumzi, na chaweza kuwa pafu. Kubana kifuani kama umekaliwa, kunakokuja ukitembea na kuondoka ukipumzika, ni moyo mpaka ithibitike vingine. Kuwaka moto kutoka chembe ya moyo kwenda kooni usiku baada ya biriani ni kiungulia, ingawa kwa mtu mzima mwenye sukari au presha bado nitataka kuupima moyo. Ganzi, kuwasha, kuvuta, kupwita: kila neno laniambia njia yake. Sema pia hushika kwa muda gani na hupoa kwa nini.

Wanaume nao wana adabu yao. Huja kwa niaba ya rafiki. "Dakta, nina rafiki yangu, mambo ya ndani hayaendi." Mkaribishe rafiki, ami, akae. Tatizo hilo, hasa kwa aliyepita miaka arubaini, mara nyingine ni mishipa ya damu inayoanza kuziba, au sukari isiyojulikana, na laweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Ukienda kununua vidonge vya kichochoroni unanyamazisha habari niliyoihitaji. Na kama unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, vidonge hivyo vya kichochoroni vyaweza kukuangusha presha ukafa.

Leta kila kitu unachomeza

Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku 2017, kwa hivyo kikapu, kanga, kopo la biskuti, chochote. Tia ndani kila dawa iliyoko nyumbani unayoitumia: ya hospitali, ya kemisti, ya mganga, habasoda, mwarobaini, unga uliotumiwa na dada kutoka Oman, matone ya macho. Usinieleze "kile cheupe kidogo". Vidonge karibu vyote ni vyeupe vidogo.

Kikapu kikimwagwa mezani ndipo tunaona mambo. Huona vidonge viwili vyenye majina tofauti ya biashara, na jina dogo lililoandikwa chini yake ni moja: mtu anameza dawa ile ile mara mbili. Huona mama ambaye miguu yake imevimba, ameambiwa na majirani figo zimekwisha, kumbe ni amlodipine, dawa ya presha inayojulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Huona mzee mwenye kikohozi kikavu cha miezi, ana chupa za dawa ya kikohozi za kila rangi, na kwenye kikapu kuna enalapril, dawa nyingine ya presha, ambayo kukohoesha ni moja ya tabia zake. Wote wawili tulibadilisha dawa. Hawakuhitaji picha ya kifua wala wasiwasi.

Na mara nyingi sana huona diclofenac ya mgongo ikikaa karibu na dawa ya presha. Dawa hizo za maumivu hupandisha presha na kuichosha figo, zikimezwa kila siku. Presha inagoma kushuka, daktari anaongeza dawa, na hakuna aliyeuliza kuhusu mgongo.

Mitishamba sitakugombeza. Nyanya yangu alinilea kwa mvuje na mafuta ya nazi. Nataka kujua tu, kwa sababu kuna miti ambayo husukuma sukari chini, na mimi nikiongeza kidonge juu yake utaanguka Marikiti katikati ya watu.

Presha ya nyumbani

Mfuko wa kufunga mkononi alioubuni Scipione Riva-Rocci huko Italia mwaka 1896 haukubadilika sana, ila siku hizi mashine yenyewe inajijaza upepo na kukuonyesha namba. Ukiweza, nunua ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi. Hakikisha mfuko unatosha mkono wako: mfuko mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu za uongo.

Presha unayopimwa ukiwa umetoka tu kupanda ngazi, jasho likikutoka, baada ya kugombana na mtu wa tuktuk juu ya shilingi ishirini, ni presha ya ugomvi. Nataka ile ya nyumbani. Asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya chai, nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa tungu, umevuta sigara au umetafuna muguka nusu saa iliyopita. Keti kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, usipishanishe magoti. Mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika tano. Televisheni zima, na usizungumze mashine ikifanya kazi, hata kama mpwa anauliza ufunguo uko wapi. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili pamoja na saa. Jioni rudia. Fanya hivyo kwa siku saba, uniletee karatasi. Siku ya kwanza nitaitupa kwa sababu huwa na woga ndani yake, zilizobaki nitatafuta wastani. Ukiwa 135 juu ya 85 au zaidi kwa vipimo vya nyumbani, tuna mazungumzo.

Usipime mara kumi kwa siku. Kuna mgonjwa wangu alikuwa akipima kila akisikia habari mbaya, na presha, naam, ilikuwa ikipanda.

Namba ikirudi nzuri, ni dawa inayofanya kazi. Watu wengi huacha hapo: "Dakta, presha imeshuka, nimepoa." Ukiacha, itapanda tena kimyakimya, bila kichwa kuuma wala kisunzi. Wengi wenye presha hawasikii chochote.

Chumvi nitasema kwa ufupi, mshayasikia. Shirika la Afya Duniani lasema chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani hata kijiko kimoja cha chai kisifike, na hiyo ni ya vyakula vyote. Kwetu chumvi haiko mezani sana, iko jikoni: kwenye ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwenye achari ya ndimu, kwenye vile vidonge vya kutia ladha mchuzi. Ng'onda irowekwe, umwage maji, uiroweke tena. Achari iwe ya kuonja. Ndimu, ukwaju, pilipili na kitunguu saumu zifanye kazi ya ladha, na hakuna mpishi wa Pwani atakayeshindwa hapo.

Njoo Shaabani

Kila mwaka, usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani, simu yangu haipumziki. "Dakta, kesho nafunga, dawa nimezeje?" Wakati huo umechelewa. Mwenye sukari, presha, ugonjwa wa figo, au mjamzito, aje mapema Shaabani, hata Rajabu, tupange.

Dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku huhamia wakati wa futari bila taabu, ila zile za kukojoza maji huhitaji kufikiriwa, kwa jua letu hili. Sukari ndiyo yenye kazi. Anayemeza metformin peke yake hana hatari kubwa ya sukari kushuka. Anayemeza glibenclamide, au anayejidunga insulini, anayo, na kipimo chake lazima kibadilishwe kabla ya mfungo, si baada ya kuzimia baada ya alasiri. Pima sukari mchana ukiwa umefunga. Kuchoma kidole si kula wala kunywa, na masheikh wengi wanakuruhusu. Kama moyo wako hautulii, muulize wako. Mashine ikisoma chini ya 3.9 (kwa mmol/L), fungua hapo hapo kwa tende na maji, hata kama adhana imebaki robo saa. Ikipita 16.6, fungua pia, unywe maji, unipigie.

Kuna wazee ambao nawaambia wasifunge kabisa, na huwa kazi ngumu. Sibishani nao kwa vitabu vyangu. Nawakumbusha Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, ruhusa ya mgonjwa imo humo, kisha naomba shekhe wa msikiti wao anisaidie. Shekhe akizungumza, kisukari husikia.

Kuhusu futari yenyewe: kaimati moja si balaa. Balaa ni kaimati, viazi vya nazi, sambusa, juisi ya embe na mkate wa mayai kabla ya magharibi kukauka, kisha daku kubwa na kulala.

Nani aingie nawe

Mgonjwa asiyeona vizuri, mzee sana, au anayesahau, aje na mtu anayeishi naye. Sio yule aliyefika jana kutoka Nairobi na kuanza kutoa amri. Mtu anayempa dawa kila siku ndiye ninayemtaka.

Lakini una haki ya kuwa peke yako na daktari. Mume akimjibia mke, mama mkwe akijibia mkaza mwana, mama akijibia binti wa miaka kumi na saba, sipati kitu. Kama huwezi kulisema mbele yao, niambie tu, "Dakta, nataka unipime," nami nitawaomba wote watoke nje. Hilo ni jambo la kawaida na hawatajua zaidi. Unachoniambia mlango ukifungwa sikitoi, hata mumeo akinikuta Mwembe Tayari na kunidadisi.

Yasiyosubiri foleni

Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakawa mazito ghafla, hicho ni kiharusi. Si upepo wala jini, na kama unaamini ni jini, kwanza mpeleke hospitali kisha kisomo kifuate. Tazama saa, iandike: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza, na haitolewi kabla ya picha ya kichwa. Usimpe maji wala kidonge, anaweza kupaliwa. Aliyeko Likoni ahesabu feri, au achukue njia ya Dongo Kundu. Amua familia nzima mapema, si wakati huo, mtapita wapi usiku na gari ni la nani.

Kubana kwa kifua kunakodumu na jasho baridi, pumzi kukata, mjamzito mwenye kichwa kikali na macho kuona giza, mtoto aliyelegea asiyenyonya: hawa pia wasije kwangu. Waende moja kwa moja Coast General au hospitali kubwa iliyo karibu, yenye oksijeni na chumba cha dharura.

Kabla hujainuka

Nikimaliza, nirudishie kwa maneno yako: hii ni ya nini, nimeze lini, kwa muda gani, na nikiona nini nirudi. Usione haya. Nusu ya makosa ya dawa huwa nayasikia hapo, bado tumekaa, na kuyarekebisha hakugharimu kitu.

Uliza bei. Nasikitika sana ninapojua baada ya mwezi kwamba mtu alinunua vidonge vya siku tano badala ya thelathini, akanificha kwa heshima. Sema, "Dakta, hii sitaiweza kila mwezi." Kwa presha na sukari mara nyingi iko nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, au kituo cha serikali kilichonayo. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, NHIF, imepokewa na SHA, na si kila kituo wala kila huduma imo, kwa hivyo thibitisha pale kaunta kwamba umesajiliwa na kwamba kituo hicho kimo, kabla ya kupimwa.

Ukifika kemisti ukaambiwa, "Hii hatuna, chukua hii ni sawa," linganisha lile jina dogo lililo chini ya jina kubwa, pamoja na miligramu. Vikilingana, chukua. Visipolingana, piga picha visanduku vyote viwili, nitumie, ungoje jibu kabla hujalipa.